Kufichua kigugumizi ni kutua mzigo

KUTAJA jina lako ni jambo ambalo watu wengi hulifanya bila kulifikiria. Kwa mtu mwenye kigugumizi, huo ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Neno jingine lolote anaweza kulikwepa kwa kutumia kisawe chake, lakini jina halina kisawe. Akiulizwa na karani wa hospitali, na mwajiri au na afisa wa polisi kwenye kizuizi cha barabarani, hana budi kulitamka. Anapokwama, msikilizaji hucheka, humkisia jina au humshuku kwamba anadanganya.

Kigugumizi ni hitilafu ya mtiririko wa usemi. Mwenye nacho anajua barabara anachotaka kusema, ila sauti hujirudia, hurefuka au hukwama kabisa. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 1 ya watu wazima duniani wana hali hii. Aghalabu huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5. Takriban watoto 5 katika kila 100 huipitia, na wengi wao huachana nayo kabla ya kuwa watu wazima. Miongoni mwa wale inaowaandama hadi utu uzima, wanaume ni wengi zaidi kuliko wanawake.

Uchunguzi wa kisayansi umeonyesha kwamba jeni za kurithi huchangia, pamoja na tofauti katika namna ubongo unavyoratibu misuli ya usemi. Hivyo basi, kigugumizi si dalili ya uzembe wala upungufu wa akili, wala mtoto hakipati kwa kumwiga jirani kama wanavyoamini baadhi ya watu. Woga unaweza kukizidisha, lakini si wao unaokizaa.

Joseph Sheehan, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alikilinganisha na bonge kubwa la barafu linaloelea baharini. Sehemu ndogo tu huonekana juu ya maji. Kwa mujibu wa Sheehan, kule kukwama kunakosikika ni kidogo. Kilicho kikubwa kimejificha chini: aibu, hofu na hila za kuepuka kugunduliwa.

Hapa Kenya, ambako watu wengi huzungumza lugha mbili au tatu, hila hizo zina uwanja mpana. Anayeiogopa sauti ya 'k' huitisha njugu badala ya karanga. Mwingine hukimbilia Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, wenzake wakadhani anajitapa kumbe anatoroka neno. Abiria hupitishwa kituo chake kwa kuwa 'shukisha' imekataa kutoka kinywani. Mwanafunzi anayelijua jibu hujifanya halijui.

Wapo walioibobea sanaa hii hata wenzao wa ndoa hawajui lolote. Lakini gharama yake ni kubwa. Mtu huchagua kazi isiyohitaji maneno mengi badala ya kazi anayoipenda. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, na methali hiyo inamfaa mwenye kigugumizi anayekosa msaada kwa sababu hataki ijulikane kwamba anauhitaji.

Ndiyo maana wataalamu wengi wa usemi sasa huhimiza mwenye kigugumizi akiseme wazi. Faida ya kwanza ni yake mwenyewe. Akishatamka kwamba ana kigugumizi, hana tena siri ya kulinda, na nguvu alizokuwa akizitumia kujificha huziweka katika anachokisema. Faida ya pili ni ya msikilizaji. Asiyejua kinachoendelea hutazama pembeni, hukatiza au hudhani mzungumzaji ana wasiwasi. Akijulishwa, hujua kwamba anachotakiwa kufanya ni kusubiri.

Hata hivyo, namna ya kusema ina uzito wake. Utafiti wa Courtney Byrd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, uliochapishwa 2017, ulilinganisha mzungumzaji anayeeleza hali yake kwa utulivu na yule anayeomba radhi. Wasikilizaji walimpendelea anayeeleza. Mwenye kusema, "Samahani, mnivumilie, naongea vibaya," huwafundisha watu kumhurumia. Mwenye kusema, "Nina kigugumizi. Nikikwama nipeni muda, nitamaliza," huwapa maelezo wanayoyahitaji, basi.

Wakati nao ni muhimu. Katika mahojiano ya kazi, yafaa maneno hayo yatangulie, kabla jopo halijajijengea dhana yake. Kwenye simu yafaa zaidi, maana anayepiga asiposikika kwa sekunde chache hukatiwa. Kwa anayeanza, ni busara kumwambia kwanza rafiki mmoja anayemwamini, kisha azidi kupanua duara.

Jambo hili si geni. Biblia na Kurani zinasimulia jinsi Nabii Musa, alipotumwa kwa Firauni, alivyokiri uzito wa ulimi wake kabla ya kushika njia. Wapo wafasiri wanaouchukulia kuwa kigugumizi. Hakuondolewa kazi hiyo, bali alipewa nduguye Haruni amsaidie. Katika nyakati zetu, Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 2021 hadi 2025, amesimulia hadharani alivyochekwa shuleni kwa sababu ya kigugumizi.

Ni kweli kwamba kukisema hakukiponyi. Wala si kila mahali ni salama: yupo mwajiri atakayemnyima mtu kazi kwa sababu hiyo, na mwanafunzi atakayepata silaha mpya ya kumdhihaki mwenzake. Kwa hivyo uamuzi ni wa mwenyewe. Mzazi asimtangaze mwanawe mbele ya wageni, lakini pia asilifanye neno hilo mwiko nyumbani. Katika karne iliyopita Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa alidai kwamba kumtaja mtoto kuwa na kigugumizi ndiko kunakomsababishia. Nadharia hiyo haikuthibitishwa, ingawa iliwafanya wazazi wengi kunyamaza, na mtoto hujifunza kutokana na ukimya huo kwamba ana jambo la aibu.

Sehemu iliyobaki ni ya wasikilizaji. Usimmalizie mtu neno lake. Usimwambie atulie, avute pumzi au aseme polepole. Mtazame kama unavyowatazama wengine, kisha umngoje. Vyombo vya habari navyo vina wajibu. Mara nyingi husemwa kwamba kiongozi 'amepata kigugumizi' kila anapokwepa swali. Mwenye kigugumizi hasa ana jibu, tena analijua. Kinachomkwamisha si nia yake.

Tangu 1998, Oktoba 22 huadhimishwa kama siku ya kimataifa ya uhamasisho kuhusu kigugumizi. Lakini mwenye nacho hahitaji kusubiri tarehe hiyo. Anahitaji sentensi moja fupi, na mtu aliye tayari kuisikiliza hadi mwisho.