Karatasi Moja ya Jelatini Si Kijiko Kimoja

"Mwalimu, karatasi moja ya jelatini ni sawa na vijiko vingapi vya unga?" Nimeulizwa hivi mpaka nimechoka. Resipi za panna cotta na musi zinazotoka Ulaya hudai karatasi, dukani kwetu kinachopatikana kirahisi ni unga, basi kila mtu anatafuta idadi ya vijiko. Na jibu linalozunguka kutoka jiko hadi jiko ni kwamba karatasi moja ni kijiko kimoja cha chai. Si kweli, na ndilo linaloharibu vitindamlo vya watu.

Tupige hesabu. Kijiko cha chai cha unga wa jelatini, kikisawazishwa kwa kisu, hubeba gramu 3 hivi. Kikijazwa mpaka kufurika, huzidi hapo. Karatasi ya daraja la dhahabu ina gramu 2. Resipi inayotaka karatasi 4 za dhahabu inataka gramu 8. Ukimimina vijiko 4 umeweka 12, yaani umezidisha kwa nusu. Krimu iliyotakiwa itikisike sahanini na kuyeyuka mdomoni inageuka kandambili, kisha anayelaumiwa ni mwandishi wa resipi.

Watetezi wa kijiko hunirudia: "Mbona karatasi zenyewe hazilingani uzito?" Ni kweli, na hapo ndipo hoja yao inapokufa. Ya shaba ina gramu 3.3 hivi, ya fedha 2.5, ya dhahabu 2, ya platini 1.7. Kadiri nguvu inavyopanda, kiwanda hupunguza uzito makusudi, ili karatasi moja ya daraja lolote igandishe takriban kiasi kilekile. Karatasi imeshapimwa kabla haijakufikia, ndiyo maana huhesabiwa. Unga haujapimwa na mtu, kwa hiyo unakwenda kwenye mizani. Kijiko kibaki kukorogea.

Nguvu hiyo hupimwa kwa Bloom, jina la Mmarekani Oscar Bloom, ambaye hataza ya mashine yake ya kuipima ilitolewa mwaka 1925. Jelatini hupozwa kwa nyuzi 10 za Selisiasi kwa saa 17 hivi, kisha huangaliwa ni gramu ngapi zinahitajika kuibonyeza milimita 4. Dhahabu huwa 200 hivi. Unga unaweza kuwa 150 au 250, na kijiko hakijui tofauti hiyo. Soma pakiti. Unga wa 200 ni gramu kwa gramu. Wa 250, gramu 8 zinakuwa 7 na kidogo. Wa 150, zinakuwa 9 na kidogo. Pakiti haisemi? Anza na gramu 2 kwa kila karatasi, jaribu kikombe kimoja kabla ya kuwaandalia wageni.

Mengine, harakaharaka. Karatasi hulowekwa katika maji mengi ya baridi na kukamuliwa. Unga haukamuliki: unyunyizie juu ya maji baridi yenye uzito mara 5 ya wake, subiri dakika 10, na kiasi hicho cha maji kipunguze kwenye vimiminika vya resipi. Yeyusha kwa moto mdogo. Kuchemsha kwa muda mrefu hudhoofisha jelatini, hakuikazi. Nanasi, papai na tangawizi mbichi vina vimeng'enya vinavyoikatakata. Vipike kwanza, la sivyo haitaganda hata ukimaliza pakiti. Asiyekula nguruwe asome chanzo, maana karatasi nyingi za Ulaya hutokana na ngozi ya nguruwe. Unga wa ng'ombe wenye nembo ya halali upo. Agari, inayouzwa kwa jina la China grass, hutokana na mwani: lazima ichemke, hushika kwa ugumu zaidi na haiyeyuki mdomoni, kwa hiyo usiibadilishe gramu kwa gramu. Jeli za pakiti zenye sukari na rangi hazimo kabisa katika mazungumzo haya.

Nunua mizani ndogo inayosoma chini ya gramu moja. Asiyetaka mizani apike kastadi.