Kimemi, Kampala, Kirotshe: wanaokimbia kwa raha na wanaokimbia vita

Mutu wa Kimemi akisikia kwamba watu wanakimbia, haulizi nani ameshinda. Anauliza: vita imefika wapi? Katika Kiswahili chetu mukimbiaji na mukimbizi wanatoka katika neno moja, na tangu mauaji yaanze katika eneo la Beni, mwezi wa 10 mwaka wa 2014, maana ya pili imemeza ya kwanza.

Hata hivyo, asubui mapema, mbele pikipiki zijaze barabara, vijana wa Butembo wanatoka kufanya futingi. Muji wetu ni wa milima, baridi ya asubui inauma, na kila mupando unamaliza pumzi. Hakuna zawadi. Wanakimbia kwa sababu mwili unafurahi, basi.

Wengine walikimbia kupita Kasindi, pale ambapo mutu anavuka na kusogeza saa yake mbele kwa saa moja. Kampala, wale waliosoma maisha yao yote katika Kifaransa walijikuta kama mabubu. Mwaka wa 2007, Wakongomani waliokimbilia kule walianzisha shirika YARID. Mumoja wa waanzilishi wake ni Robert Hakiza, mutoto wa Bukavu aliyesomea kilimo katika chuo kikuu. Hawakuanza na vitabu, walianza na mupira wa miguu: vijana hawakukuwa na kazi, na chuki za makabila zilikuwa zimevuka mupaka pamoja nao. Kisha wakaona kwamba lugha ndiyo inafunga milango, wakaanza kufundisha Kiingereza.

Kufundisha Kiingereza ugenini, wakati wewe mwenyewe ulikifikia ukubwani, si kazi ya kuchezea. Mbele yako kuna mama anayetaka kuuza vitenge bila kudanganywa bei, na baba anayetaka kumweleza munganga mahali mutoto anaumia. Hawana wakati wa sarufi. Na Kifaransa chenyewe kinaweka mitego: mutu anasikia "library" anafikiri ni "librairie", anaenda na feza mukononi kununua kitabu, kumbe ni maktaba, vitabu vinasomwa na kurudishwa. Kwa maoni yangu, darasa la namna hiyo linafundisha kuliko miaka mingi ya kunakili ubaoni katika mashule yetu. Na haja ni kubwa hapa pia: wafanyabiashara wa Butembo wanaenda Kampala, Dubai na China, na tangu mwaka wa 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kuna pia aliyekimbia mara mbili, kwa maana zote mbili. Makorobondo Salukombo ni mutoto wa Kirotshe, kandokando ya ziwa Kivu. Familia yake ilikimbia vita, ikapitia Uganda, ikafika Ohio, Marekani. Kule akawa mukimbiaji wa kweli. Kisha akarudi Kirotshe kuzoeza vijana, kwenye barabara zile zile ambazo watu walipita na magodoro kichwani. Mwaka wa 2016, kule Rio, alikimbia maratoni ya Olimpiki kwa jina la Kongo, naye Beatrice Kamuchanga akakimbia mita 5.000. Mapema mwaka wa 2025, M23 ilipoteka Sake na Minova, vita ilirudi kwenye barabara ile ya ziwa.

Kwa hiyo futingi ya Kimemi si jambo dogo. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka wa 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi, na mwenye kukimbia gizani anaweza kuzaniwa mutu mwingine. Wazee wanashauri vijana wangoje mwangaza, wakimbie kwa kikundi, waimbe ili wasikike kutoka mbali, na mutu asiache karte yake ya muchaguzi nyumbani. Siku ambayo habari mbaya zimefika usiku, barabara inabaki tupu, na hata walimu wa Kiingereza wanapata viti bila watu.