Kuwasha Upya Kompyuta ya Kituo cha Tiba kutoka Mbali

Programu ya kumbukumbu za wagonjwa ikikwama Kisaki, fundi aliyeko Morogoro mjini ana zaidi ya kilomita 100 za njia ya Bigwa, Matombo na Mvuha kabla ya kuifikia kompyuta. Kupitia mtandao, anaweza kuizima na kuiwasha upya bila kusafiri. Hata kompyuta iliyozimwa huweza kuamshwa, iwapo imeandaliwa hivyo: kadi yake ya mtandao hubaki na umeme kidogo, ikisubiri ujumbe wenye anwani yake iliyorudiwa mara 16, kutoka kifaa kingine cha mtandao huo. Umeme ukikatika kabisa, ujumbe haupokelewi. Huhitajika mtu aliyepo kituoni.

Kompyuta ikizimwa wakati mhudumu anaandika dozi au mzio wa mgonjwa, maandishi ambayo hayajahifadhiwa hupotea. Kwa hiyo fundi apige simu kwanza. Mhudumu ahifadhi kazi, kisha atumie daftari hadi mfumo urejee. Nywila isigawiwe ovyo, kwani taarifa za mgonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mgonjwa naye, mfumo unapokuwa umezimwa, ataje mwenyewe mzio wake na dawa anazotumia kabla ya kupewa nyingine.