Gari Linagonga Nyuma

Juzi tulipanda pikapu ya kijiji kwenda mnadani. Kila shimo, nyuma inagonga: ko! ko! Dereva akasema, "Shokomzoba hizo, zimekufa. Zinunuliwe mpya." Kwa pesa za kijiji? Tukasema tutazame kwanza.

Akina mama walishuka na magunia yao, wakinung'unika kidogo. Tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Tulitikisa tairi la akiba, halichezi. Bomba la moshi ngojeni lipoe ndipo mlishike. Mmoja akasukuma bodi juu na chini, mwingine akasikiliza kando. Msiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza!

Shokomzoba ikivuja, huwa na mafuta ubavuni. Zetu zilikuwa kavu, na bushi zake nzima. Lakini penye bolti za umbo la U, zile zinazobana springi kwenye ekseli, tuliona chuma kinang'aa na vumbi jekundu la kutu. Zimelegea! Zikiachwa hivyo, bolti ya katikati ya springi hukatika, ekseli husogea, na gari huenda upande kama kaa. Na watu wako nyuma.

Dereva alizikaza kwa spana, akaenda polepole, bila mzigo, mpaka gereji. Fundi alikuta bolti ya katikati imeanza kukatika. Shokomzoba hakuzigusa.