Kijana anataka masta ya takwimu: anakwenda kujifunza nini?

Pale Mlandege, Iringa mjini, mnunuzi wa mahindi anayejua kazi yake hatoi hela kwa kulitazama gunia tu. Anachoma bambo, anamimina punje kiganjani, anaangalia kama zina wadudu au unyevu, halafu ndipo bei inaanza kuzungumzwa. Hajafungua mzigo mzima, ila anataka kuujua mzigo mzima. Hiyo ni takwimu.

Msikilizaji, tumeanza na bambo kwa sababu mzazi akiambiwa na kijana aliyemaliza digrii kwamba sasa anataka shahada ya uzamili ya takwimu, ile tunayoiita masta, swali la kwanza huwa: si alishajifunza kuhesabu? Swali ni la haki, hasa kama ada itatoka kwenye shamba la viazi.

Kwenye shahada ya kwanza kijana hujifunza kanuni na namna ya kuzitumia. Masta humwingiza zaidi kwenye swali gumu: hesabu hii inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani, na kwa nini?

Chukua ghala lenye maelfu ya magunia. Umechoma magunia 100 uliyoyachagua kwa bahati nasibu, 20 ukayakuta yameharibika. Wengi wetu tungesema asilimia 20 ya mzigo ni mbovu, tukaondoka. Mtakwimu ataongeza kwamba kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 12 na 28, na kwamba makadirio ya namna hiyo hupatia kama mara 95 katika kila 100. Ukitaka kulipunguza pengo hilo kwa nusu, magunia 200 hayatoshi. Inabidi uchome 400, ndipo utapata kati ya 16 na 24. Kila anayelipia utafiti hukutana na hesabu hiyo, na haimfurahishi.

Na hapo tumesema kwa bahati nasibu. Ukichoma yale ya mlangoni tu, yaliyopangwa vizuri ili uyaone, hesabu yote haina maana.

Halafu kuna lumbesa. Tuseme gunia linauzwa shilingi 60,000. Likiwa na kilo 100, kilo moja ni shilingi 600. Likijazwa mpaka kilo 130, mkulima amepata kama shilingi 460 kwa kilo. Karani wa bei akiandika 60,000 kwa magunia yote mawili, anaweza kuzunguka masoko elfu moja na kosa likabaki palepale, kwa sababu kosa liko kwenye kipimo. Idadi ya masoko hailiondoi. Serikali ikiitumia bei hiyo kupanga mambo ya wakulima, anayeumia ni aliyelima. Wakala wa Vipimo wamepigana na lumbesa miaka mingi kwa ajili ya haki ya muuzaji. Mtakwimu anaichukia kwa sababu hiyo na nyingine ya kwake.

Kazi zipo wapi? Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na mkoa wa Iringa watu 1,192,728. Lakini sensa huja kila baada ya miaka 10 hivi. Katikati ya hapo, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutegemea sampuli kujua mavuno, ajira na matumizi ya kaya. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, hulinganisha mbegu shamba kwa shamba. Kituo cha NIMR Mbeya hufanya tafiti za kifua kikuu na Ukimwi. Kote huko lazima awepo mtu wa kusema mapema: mashamba mangapi, wagonjwa wangapi, na wachaguliwe vipi.

Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanza mwaka 1961, kipo Changanyikeni, Dar es Salaam, na hupokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Kina masta ya takwimu rasmi na ya takwimu za kilimo. Jirani yake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nacho kina idara ya takwimu. Masomo ni kwa Kiingereza, huchukua kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mwisho mwanafunzi huandika tasnifu. Kile chuo cha Changanyikeni kina pia cheti na stashahada, kwa hiyo aliyeishia kidato cha nne akiwa amefaulu Hisabati hajafungiwa mlango.

Ushauri wetu: usiuze shamba haraka. Mikopo ya Bodi imeelekezwa zaidi kwenye shahada ya kwanza, kwa hiyo masta mara nyingi ni mzigo wa familia au mwajiri. Kijana akifanya kazi kwanza mwaka mmoja au miwili, hata ya kukusanya takwimu vijijini na kishikwambi mkononi, ataingia darasani akiwa ameshaona namna watu wanavyojibu wakiulizwa wana ng'ombe wangapi. Na mkipiga hesabu ya gharama, msiishie kwenye ada na chumba. Ulizeni pia nauli na posho za kukusanya takwimu za tasnifu, maana wengi hukwama hapo, wakiwa wamebakiza kazi hiyo moja tu.