Chembe za Kinga za Kuazima

Mwanafunzi wa biolojia anajua kwamba chembe nyeupe za damu ndizo ziulindazo mwili. Katika lukemia, yaani kansa ya damu, chembe nyeupe huzaliana kupita kiasi. Aina moja, lukemia sugu ya mieloidi, huanza pale kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande ndani ya chembe moja ya uboho. Jambo hilo lilielezwa na Janet Rowley wa Chicago mwaka 1973. Vipande hivyo vikiungana hutokea protini inayoiamrisha chembe kugawanyika bila kikomo.

Kwa nini basi chembe za kinga za mgonjwa haziziui zile mbovu? Sababu mojawapo ni kuwa chembe za kansa ni za mwili wenyewe, na tofauti yake ni ndogo mno kutambulikana kwa urahisi.

Jibu la kustaajabisha lilitoka Munich, Ujerumani. Mwaka 1990 Hans-Jochem Kolb na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa watatu waliokwisha kupandikizwa uboho wa watu wengine, kisha ugonjwa ukawarudia. Walipewa interferoni, na pia wakatiwa chembe nyeupe zilizotolewa kwa wale wale waliowapa uboho. Chembe zenye kromosomu mbovu zikatoweka. Hata hivyo mgeni huyu ni mkali: aweza pia kuishambulia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa, hata kumwua. Ndiyo maana siku hizi chembe hizo hutolewa kidogo kidogo.

Tangu mwaka 2001 vidonge vya imatinibu, vinavyoizuia protini ile, vimepunguza sana haja ya kupandikiza uboho. Je, vimezwe maisha yote? Katika utafiti wa Ufaransa uliotangazwa mwaka 2010, wagonjwa 100 ambao kwa miaka miwili au zaidi vipimo havikuona ugonjwa waliacha dawa. Wengi uliwarudia, lakini takriban wanne katika kila kumi walibaki salama. Tena si kwamba chembe mbovu zilikuwa zimekwisha kabisa. Vipimo vikali zaidi vimezikuta kwa baadhi ya watu wa namna hiyo. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa wasiorudiwa na ugonjwa aghalabu huwa na wingi wa chembe za kinga ziitwazo wauaji wa asili. Yaelekea hizo ndizo zinazoyadhibiti mabaki.

Waliorudiwa na ugonjwa walirudishiwa vidonge, navyo vikafaa. Kwa hiyo aachaye dawa hupimwa damu kila mwezi katika miezi ya mwanzo.