Kwa Nini Kemia ya Chuoni Huwatoa Watu Kijasho

Ukipanda matatu mjini Thika ukielekea Ruiru, utawapita wanafunzi wa vyuo tele. Pana Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika. Pale Juja pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza mwaka wa 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994. Kando ya hivyo kuna vingine vingi, vidogo kwa vikubwa. Wengi wetu wa kidato cha nne tunaota kuingia katika kimojawapo. Lakini waulize waliotutangulia ni somo gani lililowatoa kijasho chembamba. Aghalabu utasikia, "Ni kemia! Na yule mwalimu wake, wacha tu!"

Nimeishika kalamu kwa sababu dada yangu nusura aache masomo kwa ajili ya mhadhiri wa kemia. Sitataja chuo wala mtu, maana nia yangu si kumwanika yeyote. Nataka tuelewe shida yenyewe iko wapi, ili sisi tunaofuata nyuma tusije tukajikwaa pale pale.

Dada alipojiunga na chuo alikuwa na alama ya B katika kemia. Alidhani mambo ni shwari. Mtihani wa kwanza alipata 18 kwa 100. Karatasi yake ya maabara ilirudi imejaa wino mwekundu. Wanafunzi walikuwa wamembandika mhadhiri huyo jina la Bwana Sufuri. Ati ukisahau sufuri moja tu, naye anakupa sufuri nzima! Ukiinua mkono kuuliza swali anakujibu, "Hilo nilishafundisha," kisha anaendelea kuandika ubaoni.

Jioni hiyo Dada alimweleza mama. Mama huuza mboga sokoni Makongeni. Alinyamaza kitambo kisha akasema, "Mwanangu, ukirudia mwaka, hiyo karo nyingine nitaitoa wapi?" Hakuna aliyekula vizuri usiku huo.

Sasa tujiulize, je, ugumu huu hutoka wapi? Nimegundua kwamba hutoka sehemu mbili, na watu wengi huzichanganya.

Sehemu ya kwanza ni kemia yenyewe. Mwaka wa 1991 mtaalamu mmoja wa Skotilandi, Alex Johnstone, alieleza kwamba mwanafunzi wa kemia hutakiwa kufikiri katika ngazi tatu kwa wakati mmoja. Chukua mfano wa magadi, yale ambayo nyanya zetu hulainishia maharagwe. Yakamulie ndimu, au hata maji ya nanasi letu la Thika. Utaona povu linafura. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza: jambo unaloliona kwa macho. Ngazi ya pili huioni. Ni chembechembe za asidi zinazokutana na chembechembe za magadi na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ngazi ya tatu ni zile herufi na tarakimu tunazoandika ubaoni pamoja na mshale katikati. Mwalimu aliyezoea huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kujua kuwa ameruka. Mwanafunzi naye anabaki chini akishangaa. Basi si kwamba wewe ni mjinga. Ni kwamba hukuonyeshwa ngazi.

Sehemu ya pili ni mwalimu. Hapa pia lazima tutenganishe mambo mawili: mwalimu mwenye masharti magumu, na mwalimu mwenye maneno makali.

Tuanze na masharti. Ile sufuri iliyompa yule mhadhiri jina ina maana yake. Nyote mnaijua bureti, ule mrija mrefu wa kioo tunaotonesha asidi tone kwa tone katika jaribio la maabara. Mistari yake midogo imepishana kwa sentimita za ujazo 0.1. Jicho zuri linaweza kusoma hata katikati ya mistari miwili, yaani 0.05. Kwa hiyo ukiandika 24.6, msomaji hajui kama uliangalia katikati ya mistari au ulikisia tu. Ukiandika 24.60, unamwambia, "Nimetazama, nao uko sawasawa kwenye mstari." Sufuri hiyo si pambo. Ni ushahidi. Hata sisi katika mtihani wa vitendo wa KCSE, wengi tunaiacha sufuri hiyo.

Tena kuna masharti yanayookoa maisha. Unapozimua asidi kali ya salfuri, unatia asidi ndani ya maji polepole huku ukikoroga. Kamwe hutii maji ndani ya asidi. Kwa nini? Kwa sababu mchanganyiko huo hutoa joto jingi sana. Maji machache yakianguka juu ya asidi huchemka papo hapo na kuirusha usoni mwako. Mwalimu anayekufukuza maabara kwa sababu umepuuza sharti hilo hakuonei. Amekuhifadhia macho yako.

Lakini maneno makali ni jambo jingine kabisa. Dada alikuwa na rafiki waliyekaa dawati moja. Siku moja msichana huyo aliuliza moli ni nini hasa. Mhadhiri alimwambia mbele ya darasa zima kuwa aliyemleta chuoni alipoteza pesa. Watu wakacheka. Msichana huyo hakuuliza tena, na muhula ulipokwisha hakurudi. Leo anauza duka la mtu Githurai. Naye alikuwa ameuliza swali zuri! Moli ni hesabu tu, kama vile dazeni ni 12, ila hii ni kubwa mno: 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23. Gramu 12 za kaboni zina atomu zipatazo idadi hiyo. Jibu lingechukua dakika moja.

Dada na wenzake watatu hawakukata tamaa. Walianza kukutana kila Jumamosi katika chumba cha mmoja wao huko Ruiru. Kila mtu alifanya hesabu peke yake kwanza, kisha wakalinganisha. Walipokwama wote, waliandika swali kwenye karatasi. Baada ya majuma matatu kiongozi wa darasa alizipeleka karatasi hizo ofisini kwa mhadhiri. Walidhani watafukuzwa. Yeye alizisoma zote, kisha akasema, "Mtu akiniambia 'sielewi', sina la kumjibu. Hapa mmenionyesha mstari mliokwama. Njooni Jumatano." Jumatano hiyo aliwafundisha kwa saa mbili. Dada anasema ndiyo siku aliyoelewa kemia kwa mara ya kwanza. Mtihani wa mwisho bado ulimshinda, lakini ule wa marudio, wenyewe huuita sapu, alipata 52 akapita. Hakurudia mwaka. Hata hivyo, yule rafiki wa Githurai hakuombwa radhi hata siku moja, na hilo Dada hajalisahau.

Msidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Mwaka wa 2022, katika Chuo Kikuu cha New York kule Marekani, wanafunzi 82 kati ya 350 wa darasa la kemia walitia sahihi barua ya malalamiko juu ya Profesa Maitland Jones, mzee wa miaka 84 aliyekuwa ameandika kitabu mashuhuri cha somo hilo. Walisema alama zao hazilingani na bidii yao na kwamba hawakupata msaada wa kutosha. Barua haikuomba afutwe kazi, lakini chuo kilikatiza mkataba wake. Kelele zikazuka. Wengine walisema wanafunzi wa siku hizi hawataki kusoma. Wengine wakasema kujua somo ni kimoja na kulifundisha ni kingine. Mimi naona kila upande ulishika kweli kidogo. Mwanafunzi ana haki ya kulalamika, ila alama mbaya peke yake si ushahidi kuwa mwalimu ni mbaya.

Kwa hiyo wenzangu, mkifika huko, kumbukeni haya. Kwanza, jiulize kama kinachokuumiza ni sharti au ni tusi. Sharti litii na uulize sababu yake. Tusi usilimeze peke yako. Mpelekee kiongozi wa darasa au mkuu wa idara, ukieleza siku na maneno yaliyosemwa. Pili, usiseme "sielewi" halafu ukanyamaza. Onyesha mstari uliokwama. Tatu, tafuta wenzako mapema kabla mtihani haujabisha hodi. Umoja ni nguvu, na wahenga hawakukosea.

Nanyi walimu wetu wapendwa, mnaosoma ukurasa huu pengine mkitabasamu, tuna ombi moja. Tudaini sufuri zetu zote. Tufukuzeni maabara tukicheza na asidi. Lakini anayeuliza swali la mtoto msimcheke, kwani huenda hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kuuliza.